Wakili Huhitajika Kabla ya Sahihi

Ndugu wananchi wa Mpondwe, Bwera na Kasese, katika mikutano yetu nanyi swali moja hurudi tena na tena: je, mtu akiita wakili mara tu anapokamatwa, si kana kwamba amekiri kosa? Wapo pia wanaoamini kuwa kumtaja wakili kituoni ni kumtukana askari. Sivyo. Jalada lililoandaliwa wakili akiwapo halivunjiki kwa urahisi mahakamani, na mpelelezi anayeijua kazi yake hulipenda jalada la namna hiyo.

Ibara ya 23 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yamtaka askari amweleze aliyekamatwa, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kuwa na wakili amtakaye. Ibara hiyo hiyo yaamuru afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, wala si baada ya saa 48. Katiba yasema "mtu", haisemi "raia". Kwa hiyo shemeji aliyevuka kutoka Kasindi kuja sokoni analindwa na maneno hayo hayo.

Tuliyataja maneno "kwa lugha anayoifahamu" kwa makusudi. Huku kwetu mtu hufikiri kwa Lukhonzo, hujibu kwa Kiswahili, na maneno yake yaweza kuishia kwenye karatasi ya Kiingereza. Tuchukue mfano wa kijana wa bodaboda aliyekodiwa kubeba magunia mawili usiku kutoka ng'ambo ya mto Lhubiriha. Ndani mna vitenge visivyolipiwa ushuru. Akiulizwa husema, "Ndiyo, mzigo niliubeba mimi." Amesema kweli, lakini kubeba si kosa zima. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inapozungumzia kupatikana na bidhaa za namna hiyo, huuliza pia kama mtu alijua, au ilimpasa kujua, kuwa hazikulipiwa ushuru. Nani aliyemkodi? Alimlipa nauli ya kawaida au mara tatu yake? Magunia yalikuwa yameshonwa? Kijana aliye peke yake hadhani kuwa mambo hayo yana uzito. Wakili huanza nayo, na huhakikisha yameandikwa kabla dole gumba halijagusa wino.

Wakili hutazama pia ni nani aliyeandika. Kwa Sheria ya Ushahidi, ungamo la mtu aliye mikononi mwa polisi halipokelewi mahakamani ila likitolewa mbele ya hakimu, au mbele ya ofisa mwenye cheo cha Mkaguzi Msaidizi au zaidi. Ni wangapi miongoni mwa wasomaji wetu waliolijua hilo?

Hatari nyingine iko kizimbani. Mashtaka yakisomwa, wengi hujibu "nakubali" ili mambo yaishe warudi shambani. Tangu mwaka 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilipoamua kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, hakimu hatakiwi kuridhika na neno hilo tupu: mashtaka yaelezwe kwa lugha ya mshtakiwa, maelezo ya tukio yasomwe, naye apewe nafasi ya kuyapinga. Akiyapinga, huandikwa kuwa amekana, na kesi husikilizwa. Lakini akiyakubali yote, mlango wa rufaa hubaki upenyo tu, kwani huweza kulalamikia uhalali wa kukiri kwake au adhabu, si zaidi. Ndiyo maana twashauri kwamba mwenye fedha kidogo azitumie mwanzoni. Kuuza mbuzi kwa ajili ya wakili siku ya pili kuna faida kuliko kuuza shamba mwaka wa pili.

Na asiye na mbuzi? Ibara ya 28 yasema kuwa kosa likiwa na adhabu ya kifo au kifungo cha maisha, kama mauaji au unyang'anyi wa kutumia silaha, Serikali itamlipia mshtakiwa wakili. Kwa makosa madogo gharama ni yake, ila Chama cha Mawakili wa Uganda kina mpango wa msaada wa kisheria kwa wasiojiweza. Ulizeni kwa karani wa mahakama. Mkalimani mahakamani halipiwi na mshtakiwa kamwe.

Jihadharini na watu wenye suti na mikoba wanaosubiri jamaa wa mahabusu nje ya mahakama. Wakili wa kweli ana ofisi, hutoa risiti, na ana cheti cha kazi kinachotolewa upya kila mwaka. Mwombeni awaonyeshe cha mwaka huu. Askari naye hana ruhusa ya kuwachagulia wakili. Bondi ya polisi hutolewa bure, na anayedai hata shilingi elfu moja kwa ajili yake aripotiwe kwa mkuu wa kituo siku hiyo hiyo, kwa jina au kwa namba iliyo kifuani pake.