Katika Kuihifadhi Saa ya Kazi

Wako watu huketi mezani tangu saa mbili asubuhi, na adhuhuri ikiadhiniwa barua ya kwanza haijakwisha. Si wavivu hao. Kazi yao imekatwakatwa na mambo madogo madogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu katika Italia, jina lake Francesco Cirillo, alipatwa na maradhi haya. Akatwaa saa ya jikoni yenye kengele, iliyofanywa kwa sura ya nyanya, akajilazimisha asiache kusoma mpaka ilie. Ndipo njia yake ikaitwa Pomodoro, yaani nyanya kwa Kitaliana: dakika 25 za kazi moja tu, kisha dakika 5 za kupumzika, na kila baada ya duru nne, mapumziko marefu zaidi.

Lakini saa peke yake haimfai mtu sana, na hapa ndipo wengi hukosea. Faida kubwa imo katika karatasi iliyo kando. Mwenye kazi akikumbuka ghafula kuwa hakuuliza bei ya mchele, au akitamani kuitazama simu yake, hainuki. Hutia alama, akaliandika jambo lile, akarejea kazini. Akija mtu, humwuliza kwa adabu kama haja yake yaweza kungoja, na nyingi huweza. Isipoweza, duru ile huvunjika wala haihesabiwi. Jioni huzitazama alama zake, ajue ni zipi zilizoingia mlangoni na ni zipi zilizotoka moyoni mwake mwenyewe.

Na aliyebakiwa na dakika kumi kabla ya adhana asianze duru. Na atawadhe kwa utulivu.