Historia na Uwakili: Jibu kwa Mwanachuo Mmoja

Likizo iliyopita, baada ya Misa, kijana mmoja wa parokiani kwetu alinisimamisha. Tangu kidato cha tano yuko HGL, sasa anasoma shahada ya Historia, na baadaye anataka asome sheria. Wenzake wanamwambia anapoteza muda kukariri tarehe. Nilimjibu harakaharaka, na jibu lenyewe halikuniridhisha. Najaribu tena hapa.

Mwanahistoria hufundishwa kuihoji hati kabla ya kuiamini: nani kaiandika, lini, kwa faida ya nani? Sisi Wakatoliki tuna mfano wetu wenyewe, japo si wa kujivunia. Kwa karne nyingi ilikuwapo hati iliyodai kwamba Kaisari Konstantino alimpa Papa Silvesta mamlaka juu ya Roma na nchi za magharibi. Mwaka 1440 msomi wa Kiitalia, Lorenzo Valla, aliichambua neno kwa neno. Ndani yake akakuta maofisa wa Roma wakiitwa masatrapi, cheo cha Waajemi! Hati ilikuwa ya kughushi, imeandikwa karne kadhaa baada ya Konstantino. Ni kweli Valla alikuwa mtumishi wa mfalme aliyegombana na Papa, lakini hoja haipimwi kwa nia ya msemaji, na wasomi wa Kanisa nao wakaja kukubali. Wakili anayeletewa hati ya kiwanja yenye muhuri wa ofisi ambayo mwaka ule ilikuwa haijaanzishwa anafanya kazi ileile.

Lakini kuna zaidi ya kunasa hati bandia. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua rufaa ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwanawe. Wakulima hao walipoteza ardhi wakati wa Operesheni Vijiji, wakaidai mahakamani, wakashinda. Kisha sheria ya 1992 ikaja kuzima madai ya namna hiyo. Je, ardhi inayoshikwa kimila ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba? Swali hilo halijibiki bila kurudi kwenye sheria ya ardhi ya Waingereza ya 1923, iliyorekebishwa 1928 ili kuzitambua haki za kimila. Jaji Mkuu Francis Nyalali alirudi huko. Mahakama ikaamua kwamba ni mali. Vinginevyo wananchi wengi wangekuwa wavamizi katika nchi yao wenyewe. Ikakataa pia vifungu vilivyowafungia watu mlango wa mahakama, ingawa serikali haikushindwa katika kila hoja.

Asiyejua Operesheni Vijiji ilivyokwenda angeisoma hukumu hiyo kama fumbo.

Kuandaa hati ya madai, au kumhoji shahidi wa upande wa pili, Historia haitamfundisha. Hayo atayakuta huko kwenye sheria, na nasikia ni magumu kweli.