Mishahara ya mafundi iandikwe kwa kila mradi

MFANYABIASHARA anayeendesha kazi mbili kwa wakati mmoja anaweza kufunga mahesabu akiwa na faida, na bado asijue ni kazi ipi iliyomlipa na ipi iliyomla.

Sababu ni ya kawaida. Saruji, nondo na rangi huandikwa kwa jina la kazi iliyozitumia, lakini mishahara, nauli na posho hutupwa katika fungu moja la matumizi ya jumla.

Chukulia mkandarasi mdogo wa Dar es Salaam mwenye mafundi sita wa kudumu. Kwa miezi miwili alikarabati duka Kariakoo kwa Sh. 6,500,000 na kujenga uzio na banda Mbezi kwa Sh. 9,000,000. Vifaa vya Kariakoo viligharimu Sh. 3,200,000 na vya Mbezi Sh. 5,400,000. Kwa hesabu ya vifaa peke yake, Kariakoo imebakiza Sh. 3,300,000 na Mbezi Sh. 3,600,000. Mkandarasi huyo yuko tayari kuchukua kazi nyingine kama ya Mbezi kwa bei ileile.

Bei ya saa moja

Kabla ya kusaini, atafute kwanza gharama ya saa moja ya fundi. Kila fundi hulipwa Sh. 390,000 kwa mwezi. Mwajiri huongeza mchango wake wa NSSF wa asilimia 10, yaani Sh. 39,000, na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa asilimia 0.5, yaani Sh. 1,950. Jumla ni Sh. 430,950. Wiki ya saa 45 ni wastani wa saa 195 kwa mwezi, hivyo saa moja ni Sh. 2,210, wala si Sh. 2,000 kama wengi wanavyokadiria.

Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi aongeze pia tozo ya kuendeleza ufundi stadi (SDL).

Kazi ya kompyuta

Programu nyingi za uhasibu zina nafasi ya hesabu hii. QuickBooks Online ina sehemu ya miradi. Tally hutumia vituo vya gharama. Hatua ni nne: kufungua jina la kila mradi, kuingiza gharama ya saa ya kila mfanyakazi, kuingiza saa kila siku kutoka daftari la msimamizi, kila saa ikiwa na jina la mradi, na kuipa kila risiti ya nauli, mafuta au chakula jina la mradi siku ileile inapoletwa.

Kwa mkandarasi huyu, saa 800 zilikwenda Kariakoo na 1,540 zilikwenda Mbezi. Nauli na chakula vilikuwa Sh. 180,000 Kariakoo na Sh. 720,000 Mbezi. Matokeo ni haya:

Kariakoo: ujira Sh. 1,768,000, faida Sh. 1,352,000.
Mbezi: ujira Sh. 3,403,400; hasara Sh. 523,400.

Kwa jumla ana faida ya Sh. 828,600, ndiyo maana hakushtuka. Kariakoo ilikuwa ikiilisha Mbezi. Gharama kamili ya Mbezi ni Sh. 9,523,400, akitaka faida ya asilimia 10 juu ya gharama, kazi ya namna hiyo aitoze Sh. 10,475,740.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, ujira usihesabiwe mara mbili. Mishahara ikishaingia kwenye vitabu, saa za mradi ni za kuigawanya tu, si matumizi mapya.

Pili, saa zilizogawanywa zilingane na saa zilizolipwa. Hapa ni mafundi sita kwa saa 195 kwa miezi miwili, yaani saa 2,340. Siku za mvua au za kusubiri vifaa ziwe na fungu lao, zisifichwe ndani ya mradi wowote.

Tatu, saa ziandikwe jioni ya siku ileile. Daftari linalojazwa mwisho wa mwezi kwa kukumbuka hutoa ripoti safi yenye takwimu za kubuni.

Ripoti ya faida kwa kila mradi itazamwe kila wiki kazi ikiendelea. Mradi ukishakabidhiwa, hasara yake haina tena wa kudaiwa.