Ukitaka Uchumi, Usiikimbie Hisabati

Wengi wetu wa kidato cha nne tukiulizwa tunataka kusomea nini chuoni, hujibu haraka, "Uchumi!" Wachache hujiuliza uchumi wenyewe unadai nini. Ndiyo maana nimeona nieleze habari ya masomo tangulizi, yaani masomo ambayo sharti uyapite kabla ya kuruhusiwa kusoma mengine. Hayo humsumbua hasa mwanafunzi anayehama chuo.

Nitatoa mfano wa jimbo la California, Marekani, kwa kuwa huko kuhama ni njia ya kawaida na binti ya shangazi yangu ameipitia. Tangu mpango wa elimu wa mwaka 1960, mwanafunzi anaweza kuanza katika chuo cha jamii, ambako karo ni nafuu. Baada ya miaka miwili huomba kuingia mwaka wa tatu wa Chuo Kikuu cha California. Huhitaji krediti 60, kwa hesabu ya mihula miwili kwa mwaka.

Lakini krediti peke yake hazitoshi. Anayetaka uchumi, kwa mfano katika matawi ya Berkeley na Los Angeles, hudaiwa pia masomo ya mwanzo ya uchumi pamoja na kalkulasi. Dada huyo alikuwa na krediti tele. Mshauri mmoja alikuwa amemwambia eti takwimu zingetosha badala ya kalkulasi. Alipoisoma orodha mwenyewe, alikuta kozi mbili za kalkulasi, na ya pili haisomwi kabla ya ya kwanza. Basi akasubiri mwaka mzima, huku kodi ya nyumba haisubiri.

Je, kalkulasi ni ya nini kwa mwanauchumi? Tuseme mama fulani anapika chapati. Gharama yake kwa siku, kwa shilingi, ni 100 + 4m + m², ambapo m ni idadi ya chapati. Chapati 10 zinamgharimu shilingi 240. Swali la mwanauchumi ni hili: akiongeza kidogo, gharama inapanda kwa kasi gani? Kalkulasi hutujibu 4 + 2m, yaani shilingi 24 kwa kila chapati anapofika 10. Hiyo huitwa gharama ya nyongeza. Ikiwa kila chapati inauzwa shilingi 30, inampasa aongeze hadi 4 + 2m ifike 30, yaani chapati 13. Akizidi hapo, faida inaanza kupungua. Masomo ya uchumi ya mwaka wa tatu yamejaa hesabu za namna hii, na asiyeijua kalkulasi ataachwa nyuma.

Kwa hivyo, wenzangu, zingatieni mambo matatu:

Kwanza, soma orodha ya masharti ya chuo unachokiendea, si ya chuo ulicho nacho tu. Kwa California kuna tovuti ya ASSIST inayoonyesha somo gani linakubaliwa mahali pa lipi.

Pili, yapange masomo kwa kurudi nyuma. Anza na la mwisho, kisha uulize, "Kabla ya hili, ni lipi?" Ndipo utajua ni lipi la kuanzwa muhula wa kwanza.

Tatu, ushauri wa mdomo uombe kwa maandishi, uyaweke.

Hapa Kenya nako, anayehama kupitia KUCCPS, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, hutakiwa awe ametimiza viwango vya kozi anayoiendea. Gredi yako ya hisabati ya KCSE itakufuata hadi huko. Nasi tuna bahati, kwani mlango wa kalkulasi umo ndani ya silabasi yetu ya kidato cha nne. Tusiuruke kwa sababu eti ni mgumu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

ZOEZI: Bei ya chapati ikishuka hadi shilingi 24, yule mama apike ngapi ili apate faida kubwa kabisa? Je, atapata faida au hasara? (Jibu: chapati 10, mapato ni shilingi 240 na gharama ni 240, hivyo hapati faida wala hasara.)