Dume Mmoja Huweza Kuharibu Zizi

Ndugu mfugaji, je, wanakondoo wako huzaliwa dhaifu na kufa mapema? Sababu ni nyingi, lakini mojawapo yaweza kuwa dume uliyenaye.

Kondoo jike hubeba mimba miezi 5. Binti yake huweza kupandwa akiwa na miezi 7 au 8. Basi mwaka mmoja tu baada ya dume kuingia zizini, huanza kuwapanda binti zake mwenyewe. Ndugu wa damu wakizaliana, udhaifu uliojificha hujitokeza kwa watoto. Kwa hiyo badilishana dume na mfugaji mwingine mapema, lakini hakikisha dume huyo si ndugu wa kondoo wako.

Kabla ya kumchukua, mkague:

1. Miguu iwe imenyooka na kwato ziwe nzima.
2. Kende ziwe mbili, zilingane, zisiwe na uvimbe.
3. Meno ya chini yakutane vizuri na ufizi wa juu.
4. Mwangalie mama yake. Je, ana maziwa ya kutosha?

Usidanganywe na ukubwa. Kondoo wekundu wa Kimasai ni wadogo, lakini huvumilia minyoo ya tumbo kuliko aina nyingi kubwa za kigeni.

Dume mgeni mtenge wiki 3, asije akaleta ugonjwa. Madume usiowahitaji wahasiwe kabla hawajaanza kupanda.

Maswali ya kujadili
1. Dume wako amekaa zizini muda gani?
2. Je, unamjua mama yake?