Urafiki wa miji: Tujuane, si kusubiri misaada

Sisi walimu wa dini huku Lushoto huulizwa sana na vijana: Je, inafaa Mwislamu kufanya urafiki na watu wa nchi na dini nyingine? Swali hili si la nadharia. Wageni kutoka Ulaya hupanda milima yetu kila mwaka. Aidha, jiji la Tanga, makao makuu ya mkoa wetu, lina urafiki na mji wa Eckernförde, Ujerumani, tangu mwaka 1963. Ni zaidi ya miaka 60 sasa, umri wa mtu mwenye wajukuu.

Jibu liko wazi. Surat al-Mumtahina (60:8) inatufundisha kuwa hatukukatazwa kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Na Surat al-Hujurat (49:13) inatueleza kuwa Allah (s.w.) ametufanya mataifa na makabila ili tujuane. Ndugu msomaji, lizingatie neno hilo, kujuana. Ni tendo la pande mbili.

Bila ya pande mbili, hakuna urafiki. Historia ya Usambara ni shahidi. Wajerumani walipoutawala mji huu waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, na ardhi nzuri ya Wasambaa ikageuzwa mashamba ya walowezi. Mwaka 1892 mtawala wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani mbegu za ua dogo la zambarau la huku. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia, yaani jina la ukoo wa mtawala yule. Leo ua hilo limejaa madirishani Ulaya, na Wajerumani huliita Usambaraveilchen. Jina la milima yetu limo vinywani mwao. Ua lilisafiri, lakini watu hawakujuana.

Sasa tazama mfano mwingine. Abdallah bin Hemedi, Mwislamu mzaliwa wa Unguja, aliandika kwa Kiswahili Habari za Wakilindi, historia ya watawala wa Usambara. Kitabu hicho kilipigwa chapa na misheni ya Kianglikana huko Magila, Muheza. Mwislamu hakuacha dini yake, wala wamisheni hawakuacha yao. Kila upande ulileta ulichonacho, elimu huku na mtambo kule, na mpaka leo msomi wa nchi yoyote anayetaka kuijua Usambara hawezi kukipita kitabu kile.

Hapo ndipo penye hofu yangu. Vijana wetu wengi wakisikia "urafiki na Ujerumani" huwaza viza, kompyuta na madawati. Misaada si haramu, na tushukuru kwa kila cha heri. Lakini Mtume (s.a.w.) alikuwa akipokea zawadi na kuilipa kwa zawadi. Mkono unaopokea tu siku zote huzoea kuinama, na mwenye kuinama haitwi rafiki, huitwa maskini.

Tutalipa nini basi? Tuna cha kulipa. Mwanafunzi wa Lushoto aweze kumsimulia mgeni habari za Kimweri wa Vuga, za Wilhelmstal bila ya kuficha machungu yake, na za Kiswahili fasaha. Amwonyeshe namna Mwislamu anavyomkirimu mgeni. Naye aulize: Eckernförde ni mji gani? Ataambiwa ni bandari ya Bahari ya Baltiki, yenye sifa ya samaki wa kukaushwa kwa moshi. Wavuvi wa Tanga na wa kule wana mengi ya kuzungumza.

Walimu na wazazi, tuwafundishe watoto historia yao kabla ya kuwafundisha kuomba. Asiyejijua atajulishana na nani?

Wabillahi tawfiq.