Ng'ombe Mkali na Shimo Lililo Wazi

Somo kwa jumuiya na mabaraza ya wazee

Wapendwa washarika, mwezi huu tumeona vema kuleta mbele yenu jambo ambalo labda hamkulitazamia katika ukurasa wa masomo. Nalo ni habari ya motokaa na pikipiki zinazokwenda mbio katika njia za mitaa yetu, na ugomvi unaozaliwa humo kati ya jirani na jirani. Msiseme, "Hayo ni ya askari wa barabarani." Ni yao kweli, lakini ni yetu pia. Maana anayeendesha ni mtoto wetu, na anayegongwa ni mtoto wetu, nao huteka maji katika bomba moja.

I. Habari iliyotokea

Katika mtaa mmoja wa Ilemela, ambao hatutautaja, kuna njia ishukayo kutoka kwenye mawe ya mlimani hata barabara kuu iendayo uwanja wa ndege. Ninyi mkaao huku mwazijua njia za namna hiyo. Nyumba zimejengwa kati ya mawe makubwa, na njia huyazunguka mawe, hata dereva hawezi kuona kilicho mbele yake mpaka amekwisha kukifikia. Hakuna kando iliyotengwa kwa waendao kwa miguu. Wazee, wachuuzi, mbuzi na watoto wa shule hupita njia ile ile moja.

Pale yuko baba mmoja, mzee wa kanisa, mwenye pikapu. Kijana wake ndiye aliyeiendesha, akishuka kila alfajiri kwenda mwalo wa Kirumba kuchukua dagaa. Alikwenda mbio, kwa kuwa achelewaye mwaloni hukuta wenzake wamekwisha kununua mzigo mzuri. Siku moja pikapu iligusa ndoo ya binti wa miaka saba aliyekuwa akitoka bombani. Ndoo ikapasuka, lakini mtoto hakuumia. Mama yake akaenda kwa yule mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Baba, nimekuja kwa ajili ya kijana. Leo imekuwa ndoo. Kesho atakuwa mtoto."

Mzee akajibu, "Mama, kijana anatafuta riziki. Mfundishe binti yako kukaa kando." Kisha akampa fedha za kununua ndoo nyingine, akadhani shauri limekwisha.

Mama alirudi nyumbani akiwa na fedha mkononi na uchungu moyoni. Siku chache baadaye ndugu zake wa kiume walitoka usiku, wakachimba mfereji kukata njia toka upande hata upande, wakapanga na mawe, wakaenda kulala. Hawakuweka taa wala alama yo yote. Lakini pikapu haikuwa ya kwanza kufika. Aliyefika kwanza ni kijana wa bodaboda, mwana wa mjane wa mtaa ule ule, akirudi kwao baada ya kazi. Akaanguka juu ya mawe, akavunjika mguu.

Kulipokucha nyumba tatu zilikuwa zimeingia vitani. Mjane aliwadai wale waliochimba. Waliochimba walisema kwamba mwenye kosa ni mwenye pikapu. Mwenye pikapu naye akasema, "Sasa mmeona wenyewe ni nani mwenye hatari katika mtaa huu." Hawakusalimiana tena. Jumapili walikaa mbalimbali kanisani, na wengine hawakuja kabisa.

II. Ng'ombe aliyejulikana kuwa mkali

Sasa tufungue kitabu cha Kutoka, sura ya 21, tangu mstari wa 28 hata wa 36. Sisi tuliolelewa katika nchi ya wafugaji twaielewa sheria hii upesi. Hatuirudishi adhabu yake ya zamani, ila twatafuta mafundisho yake. Ng'ombe akimpiga mtu pembe hata akafa, naye ng'ombe yule hakuwa na desturi hiyo, mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa alijulikana tangu zamani kuwa mkali, na mwenyewe ameonywa, naye hakumfunga, basi damu ile iko juu ya mwenye ng'ombe.

Angalieni mambo mawili. La kwanza, sheria inauliza kama mtu alikuwa ameonywa. Yule mzee alionywa mlangoni pake na mama mwenye adabu, naye akalipa ndoo badala ya kumfunga ng'ombe. La pili, sheria haimtazami ng'ombe peke yake, inamtafuta mwenyewe. Hapa twawaambia ninyi wenye pikipiki na motokaa mnaowapa vijana waziendeshe na kuwaletea hesabu kila jioni. Mkipanga hesabu kubwa hata kijana hawezi kuipata kwa mwendo wa kiasi, ninyi ndinyi mnaomwendesha mbio, ijapokuwa mmekaa nyumbani. Na abiria amwambiaye dereva, "Kaza mwendo, nimechelewa," naye ana sehemu yake.

Wengine hunena ya kuwa mbio kidogo si neno. Basi tuhesabu. Chombo kiendacho kilometa 30 kwa saa hupita mita 8 hivi kila sekunde. Dereva hutumia kama sekunde moja tangu kuona hatari hata kukanyaga breki, kisha chombo huendelea kabla ya kusimama. Katika lami nzuri iliyo kavu, jumla ni kama mita 13. Chombo hicho kikienda kilometa 60 kwa saa, jumla si mita 26, bali hukaribia 37, kwa sababu mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ya kusimamia baada ya breki huzidi mara nne. Katika changarawe na vumbi la mitaa yetu hata hiyo haitoshi. Sasa mweke mtoto mita 15 mbele, nyuma ya jiwe. Aendaye kilometa 30 atasimama kabla ya kumfikia. Aendaye 60 atakuwa amemfikia kabla hajakanyaga breki.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yaweka mwisho wa kilometa 50 kwa saa mahali penye makao ya watu. Huo ndio mwisho usiopitwa, wala si mwendo uliohalalishwa kila mahali. Maana sheria hiyo hiyo yakataza uendeshaji wa uzembe hata chini ya mwendo huo. Tena mawaziri na wajumbe wa mataifa waliokutana Stockholm mwezi wa Februari 2020 walishauri kilometa 30 kwa saa mahali ambapo watu na vyombo huchangamana. Hawakushauri hivyo bure. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba watu kama milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na kwamba hakuna jambo liwauao watoto na vijana wa miaka 5 hata 29 kuliko ajali hizo.

III. Shimo lisilofunikwa

Wale waliochimba mfereji wakisoma hata hapa watafurahi. Lakini wasifunge kitabu, maana katika sura ile ile, mstari wa 33 na wa 34, iko habari yao. Mtu akifukua shimo asilifunike, na mnyama wa mwingine akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Sheria haimwulizi alichimba kwa nini. Labda alitafuta maji. Labda alikuwa na nia njema kabisa. Aliacha shimo wazi katika mapito ya watu, basi atalipa.

Ndugu zetu, hili ni gumu kulipokea, kwa kuwa mama yule alikuwa na haki. Kilio chake kilikuwa cha kweli. Lakini haki yake haikuujaza mfereji ule, wala haikumwonyesha kijana wa mjane mahali pa kupita gizani. Mfereji haumchagui mkosaji. Humwangusha aliye wa kwanza kufika, naye aweza kuwa mkunga aliyeitwa usiku, au mgonjwa apelekwaye hospitali. Wazee wetu walisema, Hasira hasara. Nao hawakusema kwamba hasara humpata mwenye hasira peke yake.

Tena liko shimo jingine baya kuliko hilo. Ajali ikitokea, watu hukusanyika na fimbo na mawe, wakampiga dereva, pengine wakakichoma moto chombo chake. Kwa hofu hiyo madereva wengi hukimbia, na majeruhi huachwa chini akitokwa na damu. Sheria yamwagiza dereva asimame, asaidie, akatoe habari polisi. Atasimamaje, ikiwa twamngoja kwa mawe? Luther alipoieleza Amri ya Tano katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alifundisha kwamba haitoshi kutomdhuru jirani. Yatupasa kumsaidia katika mahitaji yote ya mwili wake. Basi penye ajali, wa kwanza kufika na amtazame aliyeumia, na wa pili amlinde dereva.

IV. Njia ya kufuata

Mwaijua taratibu ya Mathayo 18, tangu mstari wa 15. Mama yule aliianza vema, kwa kuwa alikwenda kwa mzee peke yake, akasema kwa heshima. Hatua ya pili, yaani kurudi pamoja na mtu mmoja au wawili, haikufanyika. Kwa hiyo twawapa ninyi taratibu hii, mpate kuitumia katika jumuiya zenu.

Kwanza, mwendee mwenye chombo, wala si dereva tu, ukamweleze siku, saa na mahali. Usichanganye na kesi za zamani za mbuzi na mipaka.

Pili, akikataa, rudi na mashahidi wawili wanaoheshimiwa na pande zote. Afadhali mmoja wao awe kiongozi wa kijiwe cha bodaboda, maana vijana humsikia mwenzao kuliko sisi.

Tatu, peleka neno kwa mwenyekiti wa mtaa, likasemwe katika mkutano wa mtaa na kuandikwa. Ugomvi ukiendelea, liko Baraza la Kata, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1985, ambalo kazi yake ya kwanza ni kuleta amani kwa kupatanisha. Na mwendo wa hatari usiokoma upelekwe kwa askari wa usalama barabarani pamoja na namba ya chombo. Kumshitaki jirani aliyekwisha kuonywa si uadui.

Nne, tuta lijengwe na wenye mamlaka. Njia za mitaa ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, na barabara kuu ziko chini ya TANROADS. Andikeni barua kwa mkono wa serikali ya mtaa, mwonyeshe mahali watoto wanapovukia. Kazi ya namna hiyo ina faida iliyopimwa. Huko Dar es Salaam shirika liitwalo Amend lilitengeneza njia karibu na shule za msingi, kwa matuta, vivuko na njia za miguu. Na wachunguzi walipolinganisha shule zile na nyingine zilizokuwa hazijatengenezewa, waliona majeraha ya watoto yamepungua kwa asilimia 26 hivi. Tuta lile lina kipimo na alama, nalo huonekana kabla ya kufikiwa. Hiyo ndiyo tofauti yake na mfereji wa usiku.

V. Neno letu wenyewe

Yatupasa kuungama jambo moja. Kabla ya ndoo kupasuka, wamama wawili walikuwa wametuambia habari za pikapu ile baada ya ibada. Tuliitikia, "Tutaliangalia." Hatukuliangalia, kwa sababu mwenye pikapu alikuwa mzee wa baraza na mtoaji mwema, nasi tuliogopa kumwudhi. Mama yule alipokosa mtu wa kurudi naye kwa mzee, sisi ndio tuliokosekana. Basi nasi tulionywa, wala hatukumfunga ng'ombe.

Tulipowakutanisha watu wa nyumba zile tatu tulianza kwa kulisema hilo. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mchungaji, nami nilionywa." Akauchukua ufunguo wa pikapu kwa mwezi mzima, akamwajiri dereva mtu mzima, na kijana akawa mpakiaji wa mizigo. Waliochimba waliujaza mfereji mchana, watu wote wakiona, wakakubali kulipa gharama za hospitali kidogo kidogo. Mama wa yule binti alikwenda kumpikia mjane. Lakini kijana wa bodaboda bado anachechemea, na barua ya kuomba tuta imepelekwa, tuta lenyewe bado halijajengwa. Hatuwezi kuwaambia kwamba yote yamekwisha. Twaweza kusema tu kwamba wanasalimiana.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya

1. Katika mtaa wenu, ni chombo gani ambacho watu wote wamekwisha kujua kuwa ni cha hatari? Nani amemwonya mwenyewe?

2. Wewe uliyempa kijana pikipiki, je, aweza kupata hesabu yako kwa mwendo wa kiasi?

3. Ni shimo gani ulilolichimba kwa kutafuta haki yako, nalo li wazi hata leo?

4. Ni nani aliyekuambia neno, nawe ukajibu, "Tutaliangalia"? Mwendee kabla ya Jumapili.